Chukudu ya Dhahabu na Uwanja wa Bruxelles

Mgeni akifika Goma, wenyeji humwonyesha mambo matatu. Kwanza humwonyesha mlima Nyiragongo, ambao kila mtoto wa mji huu hujifunza kuutazama kabla ya kulala. Pili humwonyesha Ziwa Kivu. Tatu humpeleka kwenye mzunguko wa barabara ambapo mtu wa rangi ya dhahabu asimama juu pamoja na chukudu yake. Mlima na ziwa ni kazi za Mungu, nasi hatuna la kukosoa. Lakini ile sanamu ni kazi ya watu, iliyosimamishwa mwaka 2009, na kazi ya watu yaweza kupimwa. Ndilo tunalotaka kufanya katika kurasa hizi, bila chuki wala kujipendekeza.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali na Kivu, yafaa tuseme kwanza chukudu ni nini. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, na usukani wa mti kama pembe za ng'ombe. Mwili wake aghalabu ni wa mkalitusi. Magurudumu ni ya mbao pia, nayo huvishwa mpira wa gurudumu kuukuu la motokari ili yasiliwe upesi na mawe. Mwenye kuiendesha huweka goti moja juu yake, na kwa mguu wa pili huisukuma ardhi. Penye mteremko hupanda na kwenda nayo kama upepo. Penye mlima hushuka, huinama, hutoa jasho. Watu husema jina lake limetokana na mlio wake juu ya mawe: chu-ku-du, chu-ku-du. Ilianza kuonekana katika Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970, wakati mambo ya fedha yalipokuwa magumu katika Zaire, na tangu hapo imekuwa ndiyo lori la asiye na lori. Kabichi na viazi vya Kibumba, maharagi, makala, mbao, mawe, madumu ya maji: vyote hivyo huingia Goma vikiwa vimefungwa kwa kamba juu ya mti huo. Mzigo wa kilo mia nne si jambo la ajabu kwake.

Basi, juu ya sanamu hiyo watu wamegawanyika. Wako wanaosema: "Vema! Mwishowe mtu mdogo amekumbukwa." Wengine husema: "Ni aibu. Miji mingine imesimamisha wafalme na majenerali; sisi tumesimamisha kipande cha mkalitusi. Wageni watatuonaje?" Neno hili la pili tumelisikia hata kwa watu waliosoma sana, tena waliokula asubuhi ile ile viazi vilivyoletwa na chukudu.

Mmoja wao, ili kutushinda kabisa, alitutolea picha ya posta. "Tazameni," akasema, "hivi ndivyo mji unavyopaswa kuwa na moyo." Ilikuwa picha ya uwanja mkubwa wa Bruxelles, katika Ubelgiji, uitwao Grand-Place. Yule bwana hakujua kwamba ametupa silaha nzuri mikononi mwetu. Maana ukiujua uwanja ule, historia yake na nyumba zake, utamrudia mtu wetu wa dhahabu kwa macho mengine.

Tena kuutazama uwanja wa Bruxelles si kwenda mbali na habari za Goma. Mwaka 1910, Wabelgiji, Wadachi na Waingereza walikaa katika Bruxelles kukata mipaka ya Kivu na milima ya volkano. Mpaka huu unaopita kati ya Goma na Gisenyi, ambao akina mama wetu huuvuka alfajiri na beseni la nyanya kichwani, ulipatanwa kule juu ya meza, na watu ambao wengi wao hawakupata kuona moshi wa Nyiragongo. Mji ule umetupimia nchi. Si vibaya nasi tukiupima uwanja wake.

Grand-Place si mkubwa kama wengi wanavyodhani. Urefu wake ni kama mita 110, na upana wake 68. Zamani palikuwa soko. Hata leo ukizunguka nyuma ya majumba yale utaona njia zenye majina ya vyakula na vitu vya jikoni: njia ya siagi, njia ya wauza nyama, soko la jibini, soko la mboga, na hata soko la makaa. Jumba moja kubwa upande wa uwanja huitwa kwa Kifaransa Nyumba ya Mfalme, lakini kwa Kiflemi jina lake lingali Nyumba ya Mkate, kwa sababu mkate ndio uliokuwa ukiuzwa pale kabla ya mfalme kutajwa. Twapenda jambo hili. Mfalme hakai ndani yake, bali mkate umebaki katika jina.

Upande wa pili pana Jumba la Mji, lenye mnara wa mita 96 uliokamilika mwaka 1455. Juu kabisa ya mnara amesimama Malaika Mkuu Mikaeli, msimamizi wa mji ule, akimkanyaga shetani; naye amepakwa dhahabu. Msomaji aliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia.

Wala uwanja ule haukuwa wa biashara na sikukuu tu. Tarehe 5 Juni 1568, mabwana wawili wakuu wa nchi, Egmont na Hoorn, walikatwa vichwa pale mbele ya watu wote, kwa hukumu ya utawala wa Hispania. Mawe yale mazuri yanayopigwa picha yameonja damu. Twalisema kwa sababu wako wadhanio kwamba miji ya Ulaya ilishushwa kutoka mbinguni ikiwa tayari, pamoja na taa zake na maua yake, na kwamba damu na moto ni mambo ya Kivu peke yake.

Kisha ukaja mwaka 1695. Palikuwa na vita kati ya Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, na mataifa yaliyoungana kumpinga, nao walikuwa wameuzingira mji wa Namur. Ili kuwavuta watoke huko, mfalme alimtuma mkuu wa majeshi yake, Villeroy, aupige mji wa Bruxelles kwa mizinga. Tangu tarehe 13 hadi 15 Agosti mizinga ikalia. Nyumba zaidi ya 4,000 zilianguka au kuteketea. Uwanja ukawa majivu. Jambo la ajabu ni hili: wapigaji walikuwa wakiulenga mnara wa Jumba la Mji, kwa kuwa ulionekana kutoka mbali, nao mnara ukabaki umesimama, na Mikaeli juu yake, huku mji wote wa kandokando ukiwaka. Na Namur je? Ulitekwa vilevile. Mji mzima ulichomwa bure.

Sasa twaja kwenye kiini cha habari. Ni nani aliyeujenga tena uwanja ule? Kwa sehemu kubwa si mfalme, wala si jeshi. Walikuwa mafundi na wachuuzi: vyama vya kazi vya waoka mikate, watengeneza bia, mashona, maseremala, mabaharia wa mitoni. Kila chama kilijenga nyumba yake mbele ya uwanja, kwa fedha za wanachama wake. Wakuu wa mji waliweka sharti moja la busara: mwaka 1697 waliamuru kwamba mtu yeyote asijenge uso wa nyumba kabla ya kuonyesha mchoro wake. Ndiyo maana nyumba zile zinapatana ingawa kila moja ina maringo yake. Katika miaka michache tu kazi kubwa ikawa imekwisha.

Nazo zina maringo kwelikweli. Mabaharia walijenga paa lenye umbo la tezi la merikebu. Waoka mikate waliweka juu ya mlango wao kichwa cha Mtakatifu Aubert, msimamizi wa kazi yao. Nyumba ya wauza nyama huitwa kwa jina la ndege mweupe wa maji. Nao wauza mafuta ya wanyama, watu ambao nguo zao bila shaka zilinuka, nyumba yao iliitwa nini? La Brouette. Wasomaji wetu wa Kongo hawahitaji kamusi: ni toroli, lile lile ambalo waashi wetu hulijaza mchanga. Toroli limechongwa pale juu ya mlango, katikati ya uwanja ambao yule bwana wa picha ya posta aliusifu kwamba ndio moyo hasa wa mji.

Tulipomwonyesha hilo toroli kwenye picha yake mwenyewe, alinyamaza kidogo, kisha akasema ni toroli la Ulaya.

Basi, hoja ya aibu imekwisha. Mji hauaibiki kwa kuonyesha chombo kinachoulisha. Waliochagua chukudu kuwa alama ya Goma walichagua vizuri, pengine vizuri kuliko walivyojua. Twalisema hili kwanza ili lisisahauliwe, maana yatakayofuata si sifa zote.

Tazama majina ya mizunguko mingine ya barabara katika Goma. Mmoja waitwa wa Mabenki. Mwingine waitwa Instigo, kwa ajili ya Institut de Goma, shule iliyo karibu. Pengine pameitwa BDGL, yaani ile benki ya maendeleo ya nchi za Maziwa Makuu. Pengine ni Entrée Président. Fedha, shule, fedha tena, rais. Mahali pamoja tu pana jina la kazi ya mikono, napo ni Chukudu. Hata kama sanamu ingekuwa mbaya kabisa, jina hilo peke yake lingetosha kuwashukuru waliolileta.

Wala tusisahau sanamu zilizotangulia katika nchi hii. Mwaka 1928, katika Léopoldville, ilizinduliwa sanamu ya Mfalme Leopold wa 2 akiwa juu ya farasi, sawasawa na ile iliyowekwa katika Bruxelles miaka miwili nyuma. Ile ya Bruxelles ina maandishi yasemayo kwamba shaba na bati yake vilitoka Kongo, navyo vilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga. Neno "bure" lastahili kusomwa polepole. Vilikuwa bure kwa nani? Basi mfalme amekaa juu ya farasi wa madini yetu, na wote wawili wamebebwa na nchi ambayo yeye mwenyewe hakupata kuikanyaga. Ile ya Kinshasa iliondolewa mwaka 1967. Ikarudishwa mahali pake mwaka 2005, ikaondolewa tena siku ile ile. Linganisha sasa na mtu wetu wa Goma. Yeye hakubebwa na farasi. Yeye ndiye abebaye. Katika nchi iliyojaa kwa muda mrefu sanamu za watu waliobebwa, kumsimamisha mchukuzi ni neno zito, na haikupasa wasomi wetu walipite kwa mzaha.

Lakini sasa tuseme yanayotuuma.

La kwanza ni dhahabu. Hatusemi kwamba dhahabu ni mbaya. Mikaeli wa Bruxelles ni wa dhahabu, na nyuso za nyumba za mafundi zimepambwa kwa dhahabu hata jua likichwa huwaka. Bali waoka mikate walijipamba wenyewe. Walikutana, wakachanga, wakagombana juu ya gharama kama vyama vyote vinavyogombana, wakamwita mchongaji, wakasema: weka msimamizi wetu hapa, weka alama yetu pale. Dhahabu yao ilikuwa kauli yao. Mchukuzi wa Goma alipakwa dhahabu na wengine. Waliosimamisha sanamu ni wakubwa, si wenye chukudu. Huo ndio upungufu ambao jicho huuona hata kabla ya akili kuufahamu. Mtu wa chukudu tunayemjua ana rangi ya vumbi jeusi la lava. Suruali yake imeraruka gotini, kwa sababu goti ndilo limlishalo. Ukimpaka dhahabu mwili mzima, suruali na ngozi na mti vyote rangi moja, waliondoa goti lililoraruka, na pamoja nalo waliondoa kazi. Imebaki heshima isiyo na jasho.

Katika uwanja wa Bruxelles pana sanamu nyingine inayotufundisha juu ya dhahabu. Chini ya upenu wa nyumba iitwayo Nyota amelazwa Everard t'Serclaes, shujaa aliyeukomboa mji mwaka 1356, akauawa mwaka 1388. Kazi hiyo ya shaba ilifanywa na Julien Dillens mwaka 1902, nayo imewekwa chini, mkono wa mtu unapofika. Wapita njia huugusa mkono wa yule marehemu wakitumaini bahati njema. Hatusifu tumaini hilo. Bahati haikai katika shaba. Lakini tazama lililotokea: kwa kuguswa miaka mingi, shaba ile imeng'aa kama dhahabu pale palipoguswa. Hiyo ni dhahabu iliyoletwa na mikono ya watu. Yetu ililetwa na brashi.

La pili ni mahali. Grand-Place ni uwanja: watu huingia katikati, husimama, huketi, huuza maua, hukutana, hugombana. Hivyo ndivyo moyo wa mji ulivyo. Chukudu ya dhahabu imewekwa katikati ya mzunguko wa barabara, na mzunguko si uwanja, ingawa vyote viwili ni nafasi wazi kati ya majumba. Uwanja humwambia mtu: njoo. Mzunguko humwambia: pita. Pikipiki na motokari humzunguka yule mchukuzi tangu asubuhi hata usiku. Ukitaka kumwona kwa karibu yakubidi kukata mkondo wa pikipiki kama mtu avukaye mto wenye mamba. Huwezi kuketi miguuni pake. Mwenyewe yule, mwenye chukudu halisi, hawezi kupumzika pale. Siku moja tulimwona kijana amesimamisha chukudu yake ya makala ukingoni mwa mzunguko, ametupa macho juu, akiitazama sanamu. Tulifurahi, tukadhani tumeona jambo zuri la kuwaandikia. Mara mtu mmoja mwenye filimbi akampigia kelele aondoke, anaziba njia. Akaondoka. Hatukupata hata nafasi ya kumwuliza alikuwa akifikiri nini.

Ni kweli kwamba Goma haikupata kamwe kuwa na uwanja wa namna ile ya Bruxelles, wala haukuwa uvivu wa watu. Ilianza kama kituo kidogo cha Wabelgiji mbele ya Wadachi wa Gisenyi. Mwaka 1988 Kivu ilipogawanywa, ikawa makao makuu ya Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1994, mwezi wa Julai, watu wengi mno walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache, karibu milioni, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Baada ya hapo zikaja vita za 1996 na 1998. Mji ambao kila miaka michache hupokea wakimbizi au jeshi hauna saa ya kukaa kuchora viwanja.

Tena ukaja moto wetu wenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, na lava ikashuka, ikaukata mji katikati hata ziwani. Watu yapata laki nne walikimbia. Nyumba kama 4,500 ziliangamia, sehemu kubwa ya mtaa wa biashara, na Kanisa Kuu letu la Mtakatifu Yosefu pamoja nazo. Msomaji, rudi nyuma uitazame hesabu ya Bruxelles ya mwaka 1695: ni karibu ile ile. Kule walipigwa kwa mizinga ya mfalme, hapa kwa mlima. Lakini asubuhi ya siku iliyofuata mwoka mikate wa Bruxelles na muuza maharagi wa Birere walisimama mbele ya majivu ya namna moja.

Na ni nani aliyeijenga Goma tena? Hapa ndipo tunapoona kwamba sanamu ile, pamoja na kasoro zake, imeshika ukweli. Lava ilipopoa, watu walirudi, wakajenga juu yake. Mbao zilikuja kwa chukudu. Mabati yalikuja kwa chukudu. Mawe yenyewe ya lava yalivunjwa kwa nyundo, yakawa kuta na misingi. Babu zetu waliiita serikali ya Wabelgiji Bula Matari, yaani mvunja mawe; bali katika Goma wavunja mawe halisi tumewaona kwa macho, nao ni akina mama waketio kando ya njia na nyundo ndogo, wakigonga mlima uliowachomea nyumba. Mchukuzi aliyapeleka mawe hayo palipotakiwa. Vyama vya mafundi wa Bruxelles vilikuwa na sanduku la fedha na michoro iliyopasishwa. Hawa hawakuwa na kitu, isipokuwa mti na goti.

Kwa hiyo la tatu linalotuuma, nalo kwetu ndilo kubwa, ni kwamba sanamu ile yasimama peke yake. Mchukuzi hajapata kuwa peke yake. Nyuma ya kila chukudu ipandayo mlima pana kijana asukumaye. Mbele yake pana mkulima aliyefunga mzigo, na mwisho wa safari pana mama amngojaye sokoni. Na yule mvunja mawe yuko wapi? Msanii alimchagua mwanamume mmoja mwenye nguvu, akamwinua juu. Hivyo ndivyo majenerali walivyokuwa wakifanyiwa. Ni kana kwamba walibadili mtu bila kubadili desturi: wakamwondoa mfalme juu ya nguzo, wakampandisha mchukuzi juu ya nguzo ile ile. Mafundi wa Bruxelles walizungusha nyumba zao pande zote za uwanja, moja ikitegemea bega la nyingine, wala hakuna aliyesimama katikati. Katikati pameachwa wazi kwa ajili ya watu.

Wengine watatujibu: mwaka 2009 haukuwa mwaka wa kujenga viwanja. Twakubali. Mwaka ule, tarehe 23 Machi, mapatano ya amani yalitiwa sahihi humu humu Goma, na watu walikuwa na kiu ya alama yoyote ya kazi na ya kesho. Alama ilitolewa, ikapokewa kwa furaha. Yaliyofuata twayajua: waasi walichukua jina lao kutoka tarehe hiyo ya 23 Machi, wakauingia mji Novemba 2012, wakauingia tena Januari 2025. Mtu wa dhahabu aliwaona wote wakimzunguka. Hakuna lawama kwa msanii katika hilo. Sanamu haizuii jeshi, kama vile Mikaeli wa mnara hakuwazuia Wafaransa na mizinga yao.

Pana neno moja zaidi juu ya Bruxelles, nalo latufanya tusiwe wepesi kuwaonea wivu. Mwishoni mwa karne ya 18 Wafaransa walirudi, safari hii wakiwa watu wa Mapinduzi, wakavifuta vyama vya mafundi na kuziuza nyumba zao. Nyuso zikachakaa. Karibu karne nzima ilipita mpaka meya Charles Buls, aliyeuongoza mji tangu 1881 hadi 1899, aliposhika bidii ya kuzitengeneza upya zifanane na zamani. Mwaka 1998 uwanja ukaandikwa na UNESCO kati ya urithi wa dunia. Leo ndani ya nyumba ya waoka mikate hakuokwi mkate; watalii hunywa bia. Dhahabu ingaliko, waliojipamba kwayo wamekwisha. Goma mambo ni kinyume: dhahabu iliwekwa wakati kazi ingali hai na jasho lingali likitoka. Kwa desturi mtu huwekewa sanamu akiisha kufa. Mchukuzi wetu amewekewa angali anapandisha mlima, na anayempita akiwa ndani ya motokari aweza kuinua macho kwa yule wa juu, akajiona amekwisha kumheshimu yule wa chini, kisha akampigia honi. Hatari hiyo si ndogo. Tumeiona pia ndani yetu sisi wenyewe.

Mei 2021 mlima ulipotoka tena, tarehe 22, lava ilisimama pembeni mwa mji. Siku tano baadaye amri ikatolewa mitaa kumi ihamishwe. Motokari za wenye nazo zilijaza njia ya Sake hata hazikuenda mbele. Tuliokuwa njiani tuliona chukudu zikipita kando, juu yake magodoro, masufuria, mbuzi aliyefungwa miguu, na bibi mmoja mzee ameketi juu ya mizigo akishika rozari kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, kana kwamba ndiye dereva. Mjukuu wake alikuwa akisukuma.

Kama tungeulizwa, nasi hatukuulizwa, tusingeomba sanamu iondolewe. Tungeomba kidogo tu. Papatikane mahali karibu na mzunguko ule, hata pakiwa padogo kama ua wa nyumba, penye kivuli, bomba la maji, na ukuta mfupi wa mawe ya lava uliojengwa kwa kimo cha goti, ili mtu aegemeze chukudu yake na kupumua. Na juu ya ukuta huo wachukuzi wenyewe, pamoja na akina mama wa mawe, waulizwe wanataka pachongwe nini. Pengine watataka majina ya wenzao waliokufa barabarani. Pengine watataka msalaba. Pengine watataka bei ya mzigo kutoka Kibumba iandikwe pale kwa herufi kubwa, ili mnunuzi asibishane tena.

Alfajiri, kabla ya pikipiki kuzidi, mahali pale huwa pametulia kidogo. Chukudu za Kibumba huja wakati huo. Husikiwa kabla ya kuonekana, mti juu ya mawe. Zikifika penye sanamu, magurudumu hulia zaidi kwa sababu ya kona, na mizigo huyumba. Wenye kuziendesha hutazama barabara, maana kabichi zikianguka hapo ni hasara ya siku nzima.